Kompyuta ikikana hifadhi ya nyumbani, usikubali ifutwe

Jioni ya Jumatano moja dada yangu mkubwa, anayeishi Homa Bay, alinipigia simu huku sauti ikimtetemeka.

"Ndugu yangu, picha za Mwalimu zimepotea zote. Fundi anasema diski zimekufa."

Mwalimu ni shemeji yangu, aliyetutoka miaka miwili kabla ya siku hiyo. Ibada ya kumkumbuka ilikuwa Jumamosi, na jamaa walikuwa wamekwisha kualikwa.

Marehemu alikuwa mtu wa kuweka kumbukumbu. Alinunua kisanduku chenye diski mbili ndani, kile kinachounganishwa kwa waya na ruta ya nyumbani ili kompyuta zote za nyumba zihifadhi vitu vyao mahali pamoja. Humo alitia picha za harusi yao, za watoto wakiwa wachanga, nakala za hati ya shamba, na sauti ya mamake akiwasimulia wajukuu hadithi kwa Kijaluo. Bibi huyo naye hayupo tena.

Dada alikuwa amenunua kompyuta mpya, kwa sababu ile ya zamani ilitumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Ile ya zamani akaiuza. Hii mpya ilipowashwa, kisanduku hakikuonekana kabisa. Fundi mmoja akaitwa, akatazama kwa dakika kumi, akataka Sh4,000 afute diski na kuanza upya.

Nilimwambia dada asimruhusu mtu yeyote kugusa kitu. Alhamisi asubuhi nilipanda matatu Migori, nikapita Awendo na Rongo, na kufikia saa sita nilikuwa sebuleni kwake.

KWANZA, KIKO HAI?

Msomaji mpendwa, kompyuta ikisema haioni hifadhi yako, haijasema kuwa hifadhi imekufa. Imesema tu kwamba haikufika huko. Kati ya kompyuta na diski kuna umeme, waya, ruta, anwani, jina na neno la siri. Aghalabu kinachokwama ni kimojawapo cha hivyo, na kila kimoja kinaweza kupimwa bila kufuta chochote.

Nilianza na taa. Taa za kisanduku zilikuwa zikiwaka, na ile ya waya wa mtandao ilimetameta. Nikauchomoa waya huo nikaurudisha hadi ukalia "tik".

Kisha nikachukua simu yangu, nikaiunganisha na waifai ya nyumba, nikafungua ukurasa wa ruta. Humo mna orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa, na kila kimoja kina anwani yake. Kisanduku kilikuwemo, anwani yake 192.168.1.20. Nikaiandika anwani hiyo katika simu, mahali pa kuandikia anwani za intaneti, na mara ukurasa wa kisanduku ukafunguka ukiuliza jina na neno la siri.

"Kiko hai," nikamwambia dada. Alikaa chini, asiseme neno.

PILI, WAKO MTANDAO MMOJA?

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akauliza swali la maana. "Mama mdogo, mbona intaneti inafanya kazi kwenye kompyuta lakini kisanduku hakionekani?"

Hapo ndipo wengi hupotea. Kupata intaneti si ushahidi kwamba vifaa vya nyumbani vinaonana. Ruta yao ilikuwa na majina mawili ya waifai, moja la familia na moja la wageni. Aliyewawekea kompyuta aliiunganisha na lile la wageni. Mtandao wa wageni hutengenezwa makusudi ili mgeni apate intaneti lakini asione vifaa vya mwenye nyumba. Kompyuta ya dada ilikuwa imegeuzwa mgeni nyumbani kwake.

Tukaihamisha kwenye mtandao wa familia, tukaiambia Windows kwamba mtandao huo ni wa binafsi wala si wa hadharani. Kisha hatukungoja jina la kisanduku lijitokeze lenyewe. Tuliandika anwani moja kwa moja kwenye kidirisha cha mafaili, hivi: \\192.168.1.20. Ukifika kwa anwani lakini si kwa jina, jua shida ni ya jina tu.

Tulifika, lakini mlango haukufunguliwa.

TATU, MLANGO UNATAKA NINI?

Ujumbe uliotokea ulisema kwamba sera za usalama za shirika lenu zinazuia mgeni asiyejitambulisha. Dada akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Shirika gani? Hapa ni mimi na watoto!"

Maelezo yake ni haya. Marehemu alikuwa ameacha folda wazi, kila aliye nyumbani aingie bila neno la siri. Kompyuta ya zamani ilikubali. Lakini Windows 11 ya aina ya Pro, kuanzia toleo la 24H2 lililotoka Oktoba 2024, hukataa kuingia mahali pa namna hiyo. Inataka kila ujumbe uwe na saini kuthibitisha kwamba haukubadilishwa njiani, na asiye na neno la siri hana cha kutilia saini.

Dawa ni kuunda mtumiaji mwenye jina na neno la siri ndani ya kisanduku chenyewe. Ili kufanya hivyo ilibidi tuwe na neno la siri la marehemu. Tulitafuta hadi magharibi. Mpwa wangu ndiye aliyelipata, limeandikwa kwa penseli nyuma ya daftari la babake la kuandalia masomo.

Baadhi ya visanduku vina kitundu chenye kitufe cha kurejesha neno la siri la mwanzo. Lakini kazi ya kitufe hicho hutofautiana kutoka kisanduku hadi kisanduku, kwa hivyo soma kijitabu chake kabla ya kukichokoa.

Tukaingia, tukakuta diski zote mbili zi nzima. Tukaunda mtumiaji kwa jina la dada, tukampa ruhusa ya folda. Kompyuta ilipouliza, akaandika mwenyewe. Folda zikafunguka.

USIFUNGUE MLANGO WA NYUMA

Yamkini utakutana na mtu atakayekushauri urudishe SMB1 ili mambo yawe rahisi. SMB ni lugha ambayo kompyuta hutumia kuombana mafaili, na ilianzia kampuni ya IBM katika miaka ya 1980. Toleo lake la kwanza lina udhaifu mkubwa. Mnamo Mei 12, 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilitumia udhaifu huo, ikafunga mafaili ya watu kote duniani na kudai fidia. Hospitali nyingi Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Mwaka huohuo Microsoft ilianza kutoa Windows isiyokuwa na SMB1 ndani yake.

Kwa hivyo kama kisanduku chako kina toleo la pili au la tatu, chagua hayo katika ukurasa wake. Kama ni cha kale mno na kinajua la kwanza tu, hamisha vitu vyako ukistaafishe.

La mwisho ndilo lililonitia baridi njiani nikirudi Migori. Kila kumbukumbu ya nyumba ile ilikuwa ndani ya kisanduku kimoja. Diski mbili husaidia moja ikifa, lakini radi ikipiga, na sisi wa Nyanza twaijua radi, au mwizi akiingia, zote huenda pamoja. Na fundi mwenye haraka angezifuta zote mbili kwa mpigo mmoja. Usiku ule tulinakili kila kitu kwenye diski ya nje, nikaja nayo. Sasa iko kabatini kwangu.

Leo, baada ya chakula cha mchana, waulize wa nyumbani mwako maswali mawili. Neno la siri la hifadhi yetu limeandikwa wapi? Na nakala ya pili iko nyumba gani?

Jumamosi ile, baada ya maombi, watoto waliketi chini ya mwembe wakaisikiliza sauti ya bibi yao. Wadogo wawili walikuwa hawajawahi kuisikia.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.