Makaburi ya Nyeri na Lile Lisilojulikana
Mgeni anayetafuta makaburi ya askari Nyeri hahangaiki. Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, amelala tangu 1941 penye Kanisa la Mtakatifu Petro, na skauti wa nchi nyingi huja kumzuru. Kule Mathari, Waitaliano walijenga kanisa la kumbukumbu alimozikwa, pamoja na mamia ya askari wenzake, Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyesalimu amri Ethiopia 1941 na kufariki Nairobi mwaka uliofuata akiwa mateka. Sasa mgeni huyo na aulize alipozikwa Dedan Kimathi, mwana wa Tetu na kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni wa Waingereza. Alipigwa risasi na kukamatwa Kahigaini tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kaburi lake halijulikani hadi leo. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa bado analidai. Mau Mau wenyewe walibaki haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 ya Uhuru (naam, arobaini!). Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa waathiriwa 5,228 wa mateso ya enzi hiyo ya ukoloni takriban pauni milioni 20, na mnara uliotokana na mapatano hayo ukasimamishwa Nairobi, mbali na msitu wa Aberdare walikopigana. Shule za Nyeri zinazopanga safari za Mombasa zingeanza na Kahigaini, mwongozaji akiwa mkongwe wa msituni, naye alipwe kama wanavyolipwa wapandishaji watalii Mlima Kenya. Wengi wa wazee hao wamepita miaka 85, hivyo kaunti isingoje Sikukuu ya Mashujaa ndipo iwatafute.