Chachu imo kibuyuni, lugha i wapi?

Wazee wa Kitui na Makueni hawakungojea maabara ndipo waijue chachu. Tunda la mwegea, liitwalo kyatine kwa Kikamba, huchemshwa, hukaushwa, kisha hutiwa katika maji ya asali. Hamira iliyojificha humo hula sukari na kutoa kileo; tunda huanikwa, likangojea pombe nyingine. Sisifu ulevi, nasifu maarifa.

Sayansi imeyapeleka mbali maarifa hayo. Mwaka wa 2009 watafiti nchini Denmark waliipandikiza hamira jeni za ukungu, za bakteria na ya binadamu. Ikaigeuza sukari kuwa vanilini, kiini cha harufu ya vanila. Mkulima wa vanila nchini Uganda ana haki ya kuuliza: soko langu litakuwaje?

Lakini mwanafunzi wa Mwingi au Wote atauliza kwa lugha gani, ilhali biolojia hufundishwa kwa Kiingereza? Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya jeni zilizobadilishwa mwaka wa 2012, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka wa 2022 wakati wa ukame. Mabishano yaliyozuka yalijaa hofu kuliko hoja.

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hamira, chachu, jeni na kimeng'enya ni maneno ya nani basi? Walimu, anzeni na kyatine. Akielewa kibuyu cha babu yake, mwanafunzi atalielewa pipa la kiwandani. Asiyeelewa huamuliwa na wengine.