Mezani kwa Wafaransa, Mjini New York

Siku hizi si jambo geni mkulima wa Nyeri au karani wa Kakamega kupata habari kutoka kwa mwanawe au nduguye aliyekwenda Marekani kwa masomo au kwa kazi. Katika habari hizo husikia mambo mengi, na mojawapo ni kwamba watu wa miji mikubwa ya huko hupenda sana kula katika mikahawa midogo ya Kifaransa iitwayo bistro. Wako wadhanio kwamba hiyo ni anasa ya matajiri, na kwamba mtu wa kawaida hana la kujifunza humo. Juma hili twapenda kueleza bistro ni mahali gani, watu hula nini humo, na adabu yake ni ipi. Maana tukichunguza vema tutaona ya kuwa habari ya bistro ni habari ya watu wa shamba kuliko ya matajiri.

Neno lenyewe lilianza kuandikwa katika Kifaransa katika miaka ya 1880. Wako wasemao kwamba lilitoka kwa askari wa Kirusi walioingia Paris mwaka wa 1814, ati walikuwa wakiwahimiza watumishi kwa neno la kwao ambalo maana yake ni "upesi". Wataalamu wa lugha hawaikubali hadithi hiyo, kwa kuwa tangu askari hao kuondoka hata neno kuonekana katika maandishi ilipita miaka sabini hivi. Lililo hakika ni kwamba wengi wa wenye mikahawa midogo ya Paris walitoka Auvergne, nchi ya milima iliyo katikati ya Ufaransa, ambako riziki ya shamba ilikuwa haba. Katika karne ya 19 vijana wa huko walishuka mjini kutafuta kazi. Kwanza walipandisha maji katika nyumba za ghorofa, kisha wakauza kuni na makaa. Na hapo penye duka la makaa wakaweka meza moja mbili, mume akiuza makaa na mke akimimina divai. Kutoka katika maduka kama hayo ilikua mikahawa mingi ambayo leo husifiwa duniani.

Safari ya Kuvuka Bahari

Upishi wa Kifaransa ulifika New York zamani. Katika karne ya 19 mkahawa wa Delmonico's, ulioanzishwa na ndugu wawili kutoka Uswisi, ulikuwa ukiandika orodha ya vyakula vyake kwa Kifaransa. Tena mwaka wa 1939 palikuwa na maonyesho makubwa ya mataifa mjini humo, na Serikali ya Ufaransa ikapeleka wapishi na watumishi wa meza wa kuendesha mkahawa katika banda lake. Mwaka uliofuata Ufaransa ilishindwa na Wajerumani, na baadhi ya watu hao wakabaki Marekani. Mkuu wao, Henri Soulé, akafungua mkahawa wake Le Pavillon mwaka wa 1941. Lakini hapo palikuwa mahali pa wenye fedha nyingi na majina makubwa.

Bistro ilikuja kwa njia nyingine. Katika upande wa magharibi wa Ufaransa iko nchi ya Bretagne, na ndani yake mji mdogo uitwao Gourin. Wakulima wa sehemu hizo walikuwa na mashamba madogo na watoto wengi, kwa hiyo vijana wao, wanaume kwa wanawake, walivuka bahari kwenda New York, na baada ya vita vya pili vya dunia wengi wao waliingia katika kazi za mikahawa. Waliosha vyombo, wakawa wapishi na watumishi wa meza, na baadhi yao wakapata kuwa na mikahawa yao wenyewe. Basi jambo lililotokea kati ya Auvergne na Paris likatokea tena kati ya Bretagne na New York: mtoto wa mkulima aliacha jembe, akashika sufuria.

Chakula cha Watu Wasiotupa Kitu

Mtu akiingia katika bistro ataona meza ndogo zilizokaribiana, na mara nyingi ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki vyakula vya siku hiyo. Akivitazama vyakula vyenyewe, atatambua kwamba vingi vilibuniwa na watu wasioweza kutupa kitu.

Supu ya vitunguu ni mfano mwema. Vitunguu hukatwa vyembamba, hukaangwa katika siagi kwa moto mdogo muda wa karibu saa nzima, mpaka vipate rangi ya asali nyeusi. Kisha hutiwa maji yaliyochemshiwa mifupa ya ng'ombe. Juu huwekwa kipande cha mkate uliokauka, na jibini juu ya mkate. Ndipo bakuli huingizwa katika tanuri mpaka jibini iyeyuke na kuanza kupata wekundu. Vitunguu, mifupa na mkate wa jana: hakuna katika hivyo kitu cha tajiri.

Kadhalika jogoo mzee, asiyefaa tena kuchomwa kwa ugumu wa nyama yake, hulazwa katika divai nyekundu na kupikwa polepole mpaka alainike. Mapaja ya bata hutiwa chumvi, hupikwa katika mafuta ya bata mwenyewe, na kuhifadhiwa ndani ya mafuta hayo. Ndiyo njia iliyowawezesha watu wa zamani kuweka nyama kwa miezi kabla ya kuwako mashine za barafu. Maharagwe meupe hupikwa kwa saa nyingi pamoja na nyama ya nguruwe na ya bata. Hicho ni chakula cha watu wa kusini magharibi ya Ufaransa. Hata steki iletwayo pamoja na chipsi, ambayo ndiyo chakula kijulikanacho kuliko vyote katika bistro, mara nyingi si ile nyama laini ya mgongoni, bali ni kipande kining'iniacho karibu na kiwambo cha tumbo. Zamani wauza nyama walikichukua wao wenyewe kwenda kula nyumbani, kwa kuwa wanunuzi hawakukijali.

Hapa pana fundisho. Wafaransa hawakuona haya kumwandalia mgeni chakula cha babu zao. Walikipika kwa uangalifu, wakakipa jina, na leo mgeni hukilipia kwa furaha. Kwetu wangali wako watu ambao mgeni akibisha hodi huficha githeri na kukimbilia dukani kununua vitu vya kopo. Heshima ya chakula haitoki katika bei yake, bali katika mikono iliyokipika.

Adabu ya Meza

Mgeni asijichagulie kiti, bali angoje mlangoni mpaka aonyeshwe mahali pa kukaa. Akisha kuketi, atandaze kitambaa mapajani. Asishangae kuona desturi mbili zikikutana katika chumba kimoja. Mfaransa hushika uma kwa mkono wa kushoto mpaka mwisho wa chakula, na mkono usio na kazi huuweka juu ya meza. Wamarekani wengi hukata nyama kwanza, kisha huweka kisu chini na kuhamisha uma mkono wa kulia, na mkono wa pili huulaza mapajani. Zote mbili ni adabu njema. Mkate humegwa kwa mkono, haukatwi kwa kisu, na kwa desturi ya Kifaransa huwekwa juu ya kitambaa cha meza kando ya sahani.

Neno moja huwapoteza wengi, nalo ni entrée. Kwa Mfaransa maana yake ni chakula cha kwanza, kinachotangulia. Kwa Mmarekani neno hilo hilo ni jina la chakula kikuu chenyewe. Asiyejua tofauti hii huweza kuagiza milo miwili badala ya mmoja.

Kwa wasomaji wetu Waislamu, na wengine wasiotumia nguruwe wala kileo, yafaa kuuliza kabla ya kuagiza. Vipande vidogo vya nguruwe hutiwa hata katika saladi, na divai huingia katika michuzi mingi bila kutajwa. Kuuliza si utovu wa adabu. Mtumishi mwema hupenda aulizwe mapema kuliko sahani irudishwe jikoni.

Hesabu na Bakshishi

Sasa tufike penye jambo zito kuliko yote. Katika Ufaransa, kwa amri iliyotolewa mwaka wa 1987, bei iliyoandikwa katika orodha ya vyakula sharti iwe imekwisha kujumlisha kodi na malipo ya utumishi. Mgeni akiongeza sarafu chache ni kwa hiari yake. Marekani sivyo. Chakula kilichoandikwa dola 40 mjini New York huongezwa kodi ya asilimia 8.875, yaani dola 3.55. Kisha mgeni hutazamiwa kutoa bakshishi, ambayo kwa desturi ya sasa ni kama asilimia 20, yaani dola 8. Basi chakula cha dola 40 humtoka dola 51 na senti 55. Asiyejua hesabu hii huaibika mwenyewe. Lakini zaidi ya hayo, humdhulumu mtu mwingine.

Twasema kudhulumu kwa sababu hii. Sheria ya Serikali kuu ya Marekani humruhusu tajiri kumlipa mtumishi apataye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiasi hicho hakikuongezwa tangu mwaka wa 1991. Sharti lake ni kwamba mshahara huo ukijumlishwa na bakshishi ufikie dola 7.25 kwa saa, ambacho ndicho kima cha chini cha nchi nzima tangu mwaka wa 2009. Majimbo mengine, kama California, hayakubali tofauti hiyo na huamuru mshahara kamili. New York imeweka kiasi cha juu zaidi kuliko cha Serikali kuu, lakini huko pia bakshishi huhesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Kwa hiyo fedha aachayo mgeni mezani si zawadi. Ni sehemu ya mshahara wa mtu, naye amekwisha kuifanyia kazi.

Wako waliojaribu kuibadili desturi hii. Mwaka wa 2015 Danny Meyer, mwenye mikahawa kadhaa mashuhuri mjini humo, alianza kuondoa bakshishi na kupandisha bei za vyakula, ili fedha zigawanywe kwa usawa zaidi kati ya watumishi wa meza na wapishi. Mwaka wa 2020 aliirudisha. Desturi iliyoota mizizi haing'olewi na mtu mmoja.

Walio Nyuma ya Mlango

Wapishi ndio husahauliwa zaidi, maana mara nyingi bakshishi haivuki mlango wa jikoni. Aliyelieleza jambo hili wazi ni Anthony Bourdain, aliyekuwa mkuu wa wapishi wa Les Halles, mkahawa wa Kifaransa uliokuwako Park Avenue South na ambao sasa umefungwa. Katika kitabu chake Kitchen Confidential, kilichotoka mwaka wa 2000, aliwafunulia walaji mambo ya jikoni. Alisema mara nyingi kwamba vyakula vya Kifaransa vya New York hupikwa na watu wa Meksiko na nchi jirani zake, wengi wao wakiwa wametoka vijijini, na baadhi yao hawana hati za kukaa nchini. Miongoni mwa waliomfuata katika ukuu wa jiko la Les Halles alikuwa mtu wa jimbo la Puebla, Meksiko. Bourdain alifariki Ufaransa mwezi wa Juni 2018. Mapema mwaka huo huo alikuwa amefika Kenya pamoja na mchekeshaji W. Kamau Bell kutengeneza kipindi cha televisheni, nacho kilionyeshwa Septemba, baada ya kufa kwake.

Basi tazameni jinsi mambo yalivyo. Mtu wa Auvergne alilisha Paris, mtu wa Bretagne alilisha New York, na leo mtu wa Puebla asimama penye moto ule ule. Kila mmoja aliacha shamba nyuma, akatuma fedha nyumbani. Pengine mwana wa msomaji mmojawapo wa ukurasa huu asimama huko usiku huu akiosha sahani ili alipe ada ya chuo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wewe au mwanao akijaliwa kuketi katika bistro, na ale kwa furaha, asifu supu ya vitunguu, na atoe bakshishi kamili. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini katika mikahawa ya mjini, mara nyingi mchumaji ni mmoja na mlaji ni mwingine; na mlaji mwenye adabu halisahau jambo hilo wakati wa kufungua mfuko.