Tusiisingizie Mbeleko

Mwezi huu tuzungumze juu ya mgongo wa mama. Akina mama wengi wanaoleta watoto kliniki hulalamika kuumwa mgongo na kiuno, na mara nyingi utasikia, "Ni huyu mtoto, nesi, amekuwa mzito." Wengine wameshaambiwa na majirani kwamba mbeleko ni mambo ya kizamani, wanunue vibebeo vya mikanda vya madukani. Maoni yangu ni kwamba mtoto anasingiziwa, na mbeleko nayo inasingiziwa. Mara nyingi kinachouumiza mgongo ni namna tunavyofunga, pamoja na mizigo mingine tunayomrundikia mama akiwa tayari na mtoto mgongoni.

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto wa mwaka mmoja anayekua vizuri huwa na kilo 9 hivi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20. Sisi wa Mkuyuni na mitaa mingine ya Mwanza iliyopanda milimani tunazijua njia zetu: ni mawe juu ya mawe, na mvua ikinyesha zinateleza. Mama anayepanda huko na mtoto mgongoni na ndoo kichwani amebeba kilo 29. Ndoo inakandamiza shingo na uti wa mgongo kutoka juu, mtoto anavuta mabega kwa nyuma, na mama hawezi kuinama mbele kidogo ili ajisawazishe, maana maji yatamwagika. Je, kati ya hao wawili, mzito ni nani?

Tukumbuke pia kwamba mwili wa mzazi haurudi kama ulivyokuwa kwa siku moja. Wakati wa ujauzito homoni hulegeza kano za nyonga, na misuli ya tumbo hutanuka. Misuli hiyo ndiyo inayosaidia kuushikilia mgongo kwa upande wa mbele. Huchukua miezi kadhaa kupata nguvu tena, na miezi hiyo hiyo ndiyo tunayomtaka mama abebe kila kitu.

Sasa tuone namna ya kufunga vizuri:

1. Chagua kitenge au kanga ya pamba, pana na imara. Kitambaa kinachoteleza hushuka, na mama hujikunja kukifuata.

2. Mtoto akae juu. Makalio yake yawe juu ya kiuno cha mama, na kichwa chake kifike karibu na mabega. Mtoto anayening'inia chini humvuta mama nyuma, na hapo ndipo kiuno kinapouma.

3. Nguo ianzie nyuma ya magoti ya mtoto hadi juu ya mgongo wake, ikazwe ili mtoto agusane na mama bila kuyumba. Uso na pua viwe wazi ili apumue vizuri.

4. Miguu ikumbatie kiuno cha mama, magoti yakiwa juu kidogo ya makalio, kama chura aliyechuchumaa. Hivyo nyonga za mtoto hukua vizuri.

5. Ukifunga kupitia bega moja, badilisha bega kila mara. Tandaza nguo begani, isijikunje kama kamba.

6. Ukitaka kuokota kitu, kunja magoti, usiinamishe mgongo. Wakati wa kumpandisha mtoto, omba mtu akusaidie, au kaa kitandani. Pumzika mara kwa mara.

Mtoto ambaye shingo yake haijakaza abebwe kifuani, kichwa kikiwa kimeshikwa. Aliyezaliwa kabla ya siku zake abebwe ngozi kwa ngozi, kama mama anavyoelekezwa hospitalini.

Wanaodhani mbeleko ni ushamba wasikie habari hii. Katika miaka ya 1960 nesi Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi nchini Togo. Aliona jinsi watoto waliobebwa kwa nguo mgongoni walivyotulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto, alishirikiana na mama yake mzazi kutengeneza kibebeo cha mikanda, kikapewa hataza mwaka 1969 na kuuzwa kwa jina la Snugli. Ndiyo kusema wenzetu walijifunza kwa mama wa Kiafrika. Kibebeo chenye mkanda mpana wa kiunoni ni kizuri, kwa sababu uzito hushukia kwenye nyonga badala ya mabega. Aliye nacho akitumie. Asiye nacho asijione maskini. Kitenge kilichofungwa vizuri kinatosha.

Neno langu la mwisho ni kwa akina baba. Katika mila za posa za Waswahili, mbeleko ni mojawapo ya zawadi anazopewa mama wa bibi arusi, kumshukuru kwa kumbeba binti huyo mgongoni. Wazee walitambua kwamba mgongo wa mama unadai. Lakini kwa nini deni hilo lingoje miaka 20? Lilipwe sasa, kwa ndoo. Mwenye mtoto mgongoni asibebe maji wala beseni la sokoni. Baba au kijana wa nyumbani abebe. Na baba akimbeba mtoto mwenyewe hapungukiwi kitu. Tena msimwachie binti wa miaka 7 kumbeba mdogo wake kutwa nzima, kwani mgongo wake bado unakua. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuujaribu basi tuone kama ni mwepesi.

Maumivu mengine hayatokani na kubeba. Mama akiumwa mgongo huku ana homa, akikojoa kwa maumivu, akipungua uzito na kutoka jasho usiku, miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au akishindwa kuzuia mkojo, asinunue vidonge dukani na kungoja. Aje hospitali mara moja.

Leo jioni, kabla ndoo haijainuliwa, tazameni kwanza nani ana mtoto mgongoni.