Wa Bondeni Si Wakaidi

Mto ukifurika Kusini mwa Tanzania, neno la kwanza kutoka majukwaani ni lile lile: hameni mabondeni. Likishasemwa, wengi wetu tunaitikia. Walionywa hawakusikia, tunaambiana, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Kwa methali moja tumemaliza kesi, aliyepoteza nyumba ndiye mkosaji. Naipinga imani hiyo yote, kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu inawapa viongozi ruhusa ya kukaa bure kati ya mafuriko na mafuriko.

Itazame Kilwa ya bara, ile isiyo na magofu wala watalii. Huko Likawage na kata jirani bahari iko mbali, lakini mito ipo. Matandu, Mavuji na Mbwemkuru hukusanya maji ya bara na kuyashusha pwani. Ardhi ya juu yenye kichanga inamfaa mkulima wa ufuta na mihogo. Mpunga hauoti pale. Mpunga unataka udongo mzito wa bondeni unaoshika unyevu, na mahindi nayo huko ndiko yanakostawi. Kiangazi kikikaza, maji ya kunywa nayo ni ya bondeni, kwenye visima vinavyochimbwa mchangani. Anayejenga karibu na mto amepiga hesabu ya chakula na maji ya watoto wake, na hesabu hiyo inamtoka sawa karibu kila mwaka. Ukimtaka apande mlimani, mpe kwanza kisima cha mlimani.

Mwishoni mwa Januari 2020 hesabu ilikataa. Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida tangu mwaka uliotangulia, na mvua ilizidi kiasi Afrika Mashariki nzima. Wilayani Kilwa watu zaidi ya kumi walikufa na maelfu walibaki bila makazi. Wapo waliookolewa wakiwa juu ya miti na mapaa ya nyumba. Helikopta na boti zililetwa, na waliofanya kazi ile waliokoa roho za watu, Mungu awalipe. Lakini mtu aliye juu ya mwembe usiku haokolewi na helikopta inayokuja kesho yake. Anaokolewa na jirani mwenye mtumbwi na kamba, na tangazo la kipaza sauti cha msikiti lililotoka kabla maji hayajavuka kingo. Januari pia ni mwezi mbaya wa njaa: akiba ya mwaka jana inaisha, na kilichopo shambani hakijakomaa. Unga wa msaada unalisha wiki kadhaa. Mkulima aliyesombewa mbegu na jembe ana mwaka mzima wa kupita.

Dawa ya kuhamisha watu tulishaijaribu, hapo hapo jirani. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwatoa wakazi wa bonde la Rufiji na kuwapandisha kwenye vijiji vya juu. Watu walihama. Mashamba yakabaki bondeni. Wakawa wanatembea mwendo mrefu kwenda kulima, huku nguruwe na nyani wakila mazao yasiyo na mlinzi, na wengi wakarudi kwenye mashamba yao. Wazee wa Rufiji walikuwa na jibu lao zamani: dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, mtu analala na kulinda mpunga huku maji yakipita chini yake. Huo ni ujuzi wa watu waliokuwa wakiusubiri mto kila msimu na kulima tope linaloachwa maji yakipungua. Mtaalamu aliyeitwa kuwaondoa angeanza kwa kuwauliza wanajengaje.

Halafu njoo Mei 2024, kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari siku kadhaa mapema, ikayataja maeneo, ikaonya vyombo vya baharini. Kazi nzuri. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilipokatika Somanga, Waziri wa Ujenzi alipiga kambi palepale na mitambo ikafanya kazi usiku na mchana. Kumbe inawezekana! Nguvu ipo, na haraka ipo, pale mabasi na malori ya mkoa mzima yanapokwama. Barabara ya udongo inayoingia kata ya bara ikikatika haipigiwi kambi na waziri. Inasubiri bajeti, nayo ndiyo njia ya mjamzito kwenda hospitali na ya unga wa msaada kufika.

Na hawa tunaowaita wakaidi ni akina nani? Ni wa wilaya ile ile ambayo vijiji vyake, Nanjirinji A kikiwemo, vimetunza misitu ya mpingo kisheria, vinavuna kwa mpango na kutumia mapato kwa shughuli za kijiji. Kijiji hakifiki huko bila kukaa kitako na kupanga matumizi ya ardhi yake, hapa msitu, hapa mashamba, hapa makazi. Watu wanaoweza kukubaliana mti upi ukatwe na upi uachwe hawashindwi kukubaliana nyumba ikae wapi, ilimradi huko juu kuwe na kisima, shule na njia ya kushukia shambani.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati isiyo na boti, isiyo na nguzo ya kupimia kina cha mto, isiyo na simu ya kupokea habari kutoka vijiji vya juu ya mto, ni majina kwenye karatasi. Msimu wa mvua Kusini huanza karibu Novemba. Kabla ya hapo, wewe msomaji wa Kilwa nenda kwa mtendaji wako ukaulize mambo matatu: boti iko wapi, nani anaangalia mto usiku, na viwanja vya juu vimepimwa lini. Akikujibu kwamba wananchi ni wakaidi, mwambie hujauliza hilo, kisha rudia maswali yako.