Wasee, Tuache Kuwauzia Watoto Maisha ya Akasha

Leo sina vichekesho. Nina kitu cha kukiri.

Mwaka jana niliweka vidio fupi kuhusu wana wa Akasha wa Mombasa. Sekunde 40 tu. Nilichukua picha zao wakiwa kortini, nikapunguza kasi, nikaweka biti nzito chini, halafu nikaandika kwa herufi kubwa: "VIJANA WA PWANI WALIOTIKISA DUNIA." Nyinyi mnaonifuata tangu nikiwa na watu 300 mnajua kazi yangu ya kawaida: mutura ya jioni, People's Park siku za wikendi, stori za matatu za Masaku kwenda Nairobi. Hakuna vidio yangu hata moja iliyokuwa imetazamwa kama hiyo. Komenti zilikuwa moto. "Hawa ndio wanaume." "Ganji si ya kila mtu." "Maisha ni moja."

Halafu kijana mmoja wa mtaani kwetu, wa Form Three, akanitumia ujumbe: "Brathe, hawa watu mtu hujiunga nao aje?"

Nilicheka. Nikamjibu kwa emoji ya kicheko, nikaendelea kuhesabu laiki.

Nitarudi kwa huyo kijana. Kwanza niwape ile stori ambayo vidio yangu haikuwapa.

Mzee mwenyewe, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi barabarani Amsterdam, Mei 2000, akitembea na mke wake. Miaka miwili baadaye mwanawe Kamaldin akapigwa risasi na kufa Mombasa. Biashara ikabaki kwa waliobaki. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani, Baktash ndiye aliyekuwa kiongozi, na mdogo wake, anayeitwa Ibrahim kama baba yao, ndiye aliyekuwa naibu. Namba mbili.

Huyu namba mbili ndiye nataka tumtazame. Baba yake alipouawa, yeye alikuwa bado mtoto. Sijui mtoto wa umri huo huchagua nini hasa katika nyumba kama ile, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kilichotokea 2014. Kuna watu walijitokeza Mombasa wakijifanya wawakilishi wa wafanyabiashara wa dawa kutoka Colombia. Ukweli ni kwamba walikuwa wanafanya kazi na DEA, lile shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya. Mikutano ikafanywa, na mazungumzo yakarekodiwa. Mkubwa akaongea, akapanga bei, akaahidi mzigo.

Na mzigo wenyewe ulipelekwa na nani? Ibrahim. Yeye ndiye aliyekabidhi unga huko Nairobi: kilo 99 za heroini, na kilo 2 za methamphetamine juu yake. Tarehe 9 Novemba 2014 wakakamatwa Mombasa, ndugu wawili, pamoja na Vicky Goswami kutoka India na Gulam Hussein kutoka Pakistan.

Umeona hapo? Mkubwa huongea. Wa chini yake hubeba. Na hapa tunaongea juu ya ndugu wa damu, naibu wa kampuni yote, mtu ambaye jina lake liko mlangoni. Kama yeye alibeba kwa mikono yake, wewe uliyeletwa na rafiki wa rafiki utapewa kazi gani? Utapewa kubeba. Hakuna nafasi nyingine imetangazwa.

Najua kuna wenye watasema, "Lakini walikula raha." Sawa. Walikula. Walipata dhamana, kesi ya kuwapeleka Marekani ikaburutwa kortini zaidi ya miaka miwili, na wengi wetu tukaona huo ni ujanja. Baadaye wenyewe walikiri mbele ya jaji New York kwamba sehemu ya ujanja huo ilikuwa kuwahonga maafisa wa Kenya ili wasisafirishwe. Yaani kile nilichokiwekea biti nzito kilikuwa hongo tu, ile ile inayokufanya wewe ukose haki yako ukienda kuripoti simu imeibwa.

Na haikuwasaidia mwisho. Januari 2017 wote wanne walipandishwa ndege. Oktoba 2018 ndugu wawili wakakubali mashtaka. Agosti 2019 Baktash akapewa miaka 25. Januari 2020 Ibrahim akapewa miaka 23, akiwa kijana wa miaka thelathini hivi.

Tulia hapo kwa namba. Mkubwa 25, naibu 23. Tofauti ya miaka miwili. Kwenye faida, bosi na wa chini yake hawakaribiani hata kidogo. Kwenye kifungo, wanakaribia kulala kitanda kimoja. Nitajie kazi nyingine ambayo mshahara ni wa chini lakini hasara ni ya mkurugenzi.

Na Goswami, waliyekula naye meza moja? Alikubali makosa yake na akashirikiana na waendesha mashtaka. Simlaumu kuliko wengine. Nasema tu kwamba ule "undugu" tunaouandika chini ya picha, ule wa "familia kwanza", huwa una bei, na bei yake ikifika watu huuza.

Korti iliyowahukumu iko Manhattan. Ni korti ile ile ambayo 1986 iliwapata na hatia wakuu wa familia za mafia ya New York, na Januari 1987 ikawapa baadhi yao miaka 100 kila mmoja. Ndiyo, mafia wenyewe, wale Waitaliano wa Marekani mnaowaiga suti na sigara kwenye picha za wasifu. Wana wa Akasha waliishia pale pale.

Na kwa kuwa tumefika kwa mafia, wengi wenu mmeona filamu ya Goodfellas ya 1990, au angalau vipande vyake kwa simu. Yule Henry Hill alikuwa mtu wa kweli. Alikulia Brooklyn, na alianza akiwa mvulana kwa kutumwatumwa na watu wa stendi ya teksi ng'ambo ya barabara na kwao. Kuegesha magari, kupeleka ujumbe, kubeba vitu. Alikaa nao tangu utotoni mpaka akawa mtu mzima, lakini hakuwahi kufanywa mwanachama kamili wa familia ile ya Lucchese, na hangeweza, kwa sababu baba yake alikuwa wa asili ya Ireland. Maisha yote ni mtu wa kando. Pesa analeta, lakini kiti hana.

1980 akashikwa kwa dawa za kulevya. Akajua kwamba marafiki zake wangeweza kumuua ili asiongee, kwa hiyo akaongea yeye kwanza. Wakubwa wake, Paul Vario na Jimmy Burke, walikufa wakiwa bado wanatumikia vifungo. Yeye mwenyewe alifichwa na serikali chini ya jina jingine, akarudia makosa, akatolewa kwenye ule mpango wa ulinzi, na akafa Los Angeles 2012. Filamu inakupa ile sehemu ya mlango wa nyuma wa klabu na meza inayowekwa mbele. Ni tamu, sikatai. Lakini stori ilianza na mtoto anayetumwa stendi.

Sasa turudi Machakos. Stendi na sisi tunayo.

Yule kijana wa Form Three hakungoja jibu langu. Alipata mtu wa kumjibu. Kuna jamaa mmoja mwenye Subaru na miwani hata usiku, kila mtaa unaye wake. Jamaa akampa kazi rahisi: chukua mfuko huu, peleka pale karibu na steji, mpe mtu wa boda mwenye jaketi fulani, rudi. Shilingi 300 kwa safari. Ndani ya mfuko ni bangi imefungwa vipande vidogo. Kijana akanunua viatu. Akaanza kutembea tofauti. Siku moja akaniambia, "Brathe, mimi sasa ni wa mbogi." Nikamwambia awe mpole. Nilimwambia hivyo tu, na sijivunii.

Mwezi wa tatu alishikwa. Alikuwa na mfuko mkononi, na mwenye jaketi akapotea kama moshi. Akiwa kituo cha polisi akapewa nafasi ya kupiga simu moja, akampigia jamaa wa Subaru. Mteja hapatikani. Akapiga tena kesho yake. Mteja hapatikani. Hadi leo hapatikani, na bado namwona akipita mjini na miwani yake.

Aliyepatikana ni mamake. Ni mama wa mboga, anajulikana sokoni kwa sukuma wiki na roho safi. Dhamana ilikuwa 20,000. Aliuza mbuzi wawili waliokuwa kwa nyanya ya kijana huko Kathiani, kisha akakopa kwa chama kujaza iliyobaki. Mbuzi hao ndio walikuwa karo ya muhula uliofuata. Kijana hajarudi shule. Aliniambia anaona aibu kukaa darasa moja na watu wanaomwita Escobar.

Hiyo ndiyo stori ya mtu wa kati na wa chini, na haina biti. Ukiiwekea slow, unaona mama akihesabu noti za mia mbili kwenye dirisha la korti.

Najua komenti zinazokuja, acha nizijibu mapema.

Ya kwanza: "Kazi hakuna, unataka vijana wafanye nini?" Kweli kazi ni ngumu. Mimi mwenyewe nina diploma na nategemea simu na mutura. Lakini tusikose hesabu. Kijana alipata 300 kwa safari, na alipofanya hesabu yote, viatu vikiwa ndani, alikuwa amepata kitu kama 9,000. Mamake amelipa 20,000 na kesi haijaisha. Hiyo sio kuomoka, huko ni kulipa ili uajiriwe. Mtu wa mjengo Mlolongo anatoka na vumbi, lakini jioni anatoka na pesa yake na jina lake.

Ya pili: "Wanasiasa wanaiba mabilioni na hawashikwi." Ndiyo, na inauma. Lakini angalia vizuri unachosema. Unasema wakubwa hawashikwi. Basi nani anashikwa? Wewe. Hiyo hoja yako inatuonya, haitupi ruhusa.

Ya tatu, na hii ndiyo ngumu: "Si wewe ulitupakia hiyo vidio?" Ndiyo, ni mimi. Na siwezi kusema vidio yangu ndiyo ilimpeleka pale. Shida nyumbani, marafiki, ubishi wa umri ule, vyote viko ndani. Lakini aliniuliza swali la wazi, mimi mtu mzima anayemjua kwa jina, na nikamjibu kwa emoji. Jamaa wa Subaru alimjibu kwa maneno. Hapo ndipo nilipopoteza.

Sisemi tusisimulie hizi stori. Zisimulieni! Ya Akasha ni historia yetu, na mtoto wa Kenya anafaa kujua unga ulipitaje hapa, nani alihongwa, na mateja wa pwani walitoka wapi. Ninachoomba ni kitu kimoja kwa sisi wenye simu na wafuasi: usikate stori pale inapokuwa tamu. Ukionyesha suti, onyesha na ndege ya Januari 2017. Ukimtaja namba moja, taja na nani alibeba mzigo. Ukisema "walitikisa dunia", sema na miaka 25 na 23. Kama sekunde 40 hazitoshi, fanya vidio mbili.

Na wewe mwenye miaka 16 au 17 unayesoma hii ukiwa umejificha na simu darasani: siku mtu atakapokupa mfuko usiofunguliwa na akakuambia kazi ni rahisi, muulize swali moja tu. "Kama ni rahisi, mbona usipeleke mwenyewe?" Halafu angalia uso wake.

Ile vidio nimeitoa jana usiku. Ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote kwenye ukurasa wangu na nimeisikia ikiondoka, siwadanganyi.

Jumanne kijana ana kutajwa kwa kesi yake. Mamake hawezi kufunga kibanda siku ya soko, kwa hiyo nimemwambia nitaenda naye mimi. Tutatembea kwa miguu kutoka mtaani, tuongee njiani. Kuna swali lake la mwaka jana ambalo bado sijalijibu.