Jitambulishe na Kwenu
Mwanafunzi mpya wa Chuo Kikuu cha Muni, jijini Arua, akiombwa ajitambulishe, mara nyingi hutaja jina, kozi na ndoto ya kazi Kampala, kisha huketi. Anayetoka Koboko akifanya hivyo, ameacha nusu ya utajiri wake bila kuitaja. Wilaya hiyo inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na sokoni mama muuza samaki wakavu hupatana bei na jirani kwa Kikakwa, humgeukia mteja wa Yei, Sudan Kusini, kwa Kiarabu cha Juba, kisha humrudishia chenji dereva wa Kongo kwa Kilingala au Kiswahili. Kijana aliyelelewa humo ana mtaji usiopatikana katika mhadhara wowote. Akisomea uuguzi, atamhoji mgonjwa mkimbizi bila mkalimani. Akisomea teknolojia ya habari, anaweza kubuni programu ya wafanyabiashara wa mpakani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Watu wa West Nile, eneo lenye Arua na Koboko, walikuwa nacho tangu zamani. Mkataa kwao ni mtumwa. Vijana wetu, simameni mseme mnakotoka, lugha mnazozijua na mnachotaka kuifanyia Arua na Koboko. Nanyi wahadhiri, wapeni muda wa kuyasema hayo.